Mche maradufu: namna ya kuutafuta kwenye kitalu chako cha midanzi

Kabla hujaing'oa ile miche mifupi iliyobaki nyuma kwenye kitalu chako cha midanzi, ile michungwa michungu, ngoja nikwambie nilichokipoteza mimi. Miaka mitatu nilikuwa nachagua miche mirefu iliyonyooka, ndiyo ninayopandikiza mlimau juu yake. Mifupi namtupia mbuzi wa jirani. Ndivyo nilivyofunzwa na mwenye kitalu mmoja wa bara: "Mama, kilichodumaa king'oe, kitakula samadi bure." Kumbe ndani ya ile mifupi ndimo ulimokuwa mche maradufu, ule unaostahimili chumvi, nilioutaka hasa, mimi ninayemwagilia kwa maji ya kisima cha Langoni hapa Lamu, maji ya chumvi ambayo ukiyafulia sabuni haipigi povu.

Nilikuwa msaidizi wa maabara katika shule ya upili kwa miaka 26. Kazi yangu ilikuwa kuosha mirija ya kioo, kuwazuia vijana wasichezee spiriti, na kumwekea mwalimu hadubini mezani. Siku hizi nauza achari ya ndimu na miche michache mlangoni pangu. Haya ninayokueleza nimeyafanya kwa mikono yangu, kwa makopo ya maziwa na rangi ya kucha ya mjukuu wangu. Ya vitabuni nimeyatia pale yanapokusaidia kujua unaangalia nini.

Unachokitafuta

Mdanzi wa kawaida hubeba kromosomu 18 katika kila seli, 9 za mama na 9 za baba. Kromosomu ni nyuzi, na juu ya nyuzi hizo ndiko zilikopangwa jeni, yaani maagizo ya kutengeneza kila kitu cha mti: ukali, harufu, miba, rangi ya jani changa. Mchungwa, mchenza, mlimau na ile ndimu yetu ndogo ya mbegu, wote hesabu yao ni hiyo hiyo 18. Ndimu kubwa isiyo na mbegu, wanayoiita ya Tahiti, ina 27. Yai la limau lililobeba seti moja ya 9, kama kawaida, lilikutana na chavua ya ndimu iliyobeba seti mbili kwa makosa, na mti wa seti tatu hauwezi kugawa sawa wakati wa kutengeneza mbegu. Ndizi unazokula nyumbani nyingi ni za seti tatu vilevile, ndiyo maana hujapata kutema kokwa ya ndizi.

Mche maradufu una 36. Kila jeni aliyonayo nduguye, yeye anayo mara mbili.

Hutokea hivi. Seli ikitaka kugawanyika, kwanza hunakili nyuzi zake zote, 18 zikawa 36, kisha hujikata kati na kila upande ukachukua 18. Mara mojamoja hunakili halafu isijikate. Hapo hubaki na 36, na kila kitakachotokana na seli hiyo kitakuwa na 36. Katika jamii ya machungwa kosa hili hutokea ndani ya mbegu. Ukipanda mia utarajie wachache sana, na mwaka mwingine usipate hata mmoja. Kwa hiyo ukiotesha mbegu ishirini, huu si mchezo wako.

Faida yake kwa mtu wa Lamu ni chumvi. Wataalamu waliolinganisha miche ya aina hii kwenye maji ya chumvi ya wastani wameona maradufu wakistahimili zaidi kuliko ndugu zao wa 18. Mizizi yao ni minene, majani hupitisha maji polepole, na chumvi nayo hupanda polepole. Na kwa kuwa hukua taratibu, mti wake hubaki mfupi. Mwenye shamba Mpeketoni ataona hiyo ni hasara. Mimi ninayepanda kwenye ua wa nyumba wenye upana wa mikeka miwili, naona ni heri.

Mbegu

Chukua danzi lililoiva mtini. Nasema danzi, si chungwa wala limau. Ule mlimau wa ganda la kukwaruza unaopendwa bara kwa kupandikizia hukua upesi sana, lakini chumvi haipatani nayo; mdanzi una ustahimilivu wake hata kabla hatujafika kwenye maradufu. Balungi usiliguse kwa kazi hii, nalo ni lile kubwa kama kichwa cha mtoto ambalo wengine huliita furungu. Sababu utaiona sasa hivi.

Kamua juu ya bakuli, juisi itie kwenye achari. Mbegu zisugue kwa jivu mpaka ute utoke, suuza, zitie majini. Zinazoelea tupa. Zinazozama usizianike: mbegu ya jamii hii si mahindi, ikikauka kweli imekufa. Ikibidi zingoje siku mbili tatu, zifunge kwenye kitambaa kibichi.

Sasa toa kumi uzivue. Usiruke hatua hii, hata kama una haraka, maana hapa ndipo utakapoelewa miche yako imetoka wapi. Loweka usiku mmoja. Asubuhi shika mbegu kwa vidole viwili, tia ukucha upande uliochongoka, vuta. Ganda la juu ni gumu, la rangi ya pembe, linatoka kwa mlio mdogo. Chini yake kuna ngozi nyembamba ya kahawia kama ya kitunguu, na upande wa butu ina doa jeusi zaidi, kama kofia. Ivue nayo. Ndani ulitarajia kiini kimoja cha mapande mawili, kama kunde. Badala yake utakuta kimoja kikubwa, na pembeni yake vingine vimejibana vimekunjika kama abiria kwenye boti ya Mokowe. Vitenganishe kwa ncha ya sindano, uhesabu. Mbegu kumi za danzi la jirani yangu zilinipa 3, 2, 4, 1, 2, 3, 3, 2, 5, 2. Yule Mholanzi wa hadubini, Antonie van Leeuwenhoek, aliliona jambo hili kwenye mbegu za chungwa mwaka 1719, kwa hiyo usione haya kushangaa.

Katika viini hivyo, kimoja huenda kikawa ni mtoto wa kweli, wa baba na mama. Vilivyobaki havina baba. Vimechipuka moja kwa moja kwenye nyama ya mama iliyozunguka kiini, kwa hiyo ni mama mtupu, nakala yake. Mwaka 2017 watafiti wa China walieleza jeni inayowasha tabia hii: mbele yake kimejichomeka kipande kidogo cha DNA, cha aina ile inayoruka kutoka mahali hadi mahali kwenye nyuzi. Balungi halina kipande hicho hapo, na ndiyo maana mbegu yake hutoa mche mmoja tu. Basi maradufu tunayemtafuta huanzia kwenye nyama hiyo ya mama. Seli moja imenakili, haikujikata, halafu imechipuka kiini. Ni mama yuleyule, ila ameandikwa mara mbili.

Kuotesha

Lamu hatuna shida ya samadi ya punda. Shida yetu ni namna ya kuikwepa njiani. Lakini mbichi huunguza na ina chumvi yake. Iache ipigwe na mvua miezi miwili. Changanya kopo moja la samadi, mawili ya udongo (wangu huletwa na mpwa wangu kutoka mji wa Hindi, bara ya Lamu), na moja la mchanga uliooshwa. Mchanga wa ufuoni bila kuosha usithubutu.

Mimi hupanda masika yakianza, Aprili, nikiwa na maji ya mvua kwenye tangi. Kina ni ukucha wa gumba. Mbegu mia mbili ndio mwanzo wa maana. Nilipopanda sitini nilipata hewa. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Wiki tatu hadi tano utaona shingo zinajitokeza, na kwenye kopo moja shina mbili au tatu. Usizikate. Zikishapata majani mawili ya kweli, mwaga udongo, zitenganishe taratibu, kila moja kopo lake, na uandike zilizotoka mbegu moja. Ndugu wa mbegu moja ndio kipimo chako kizuri kuliko vyote, kwa sababu karibu kila kitu chao ni sawa isipokuwa kile unachokitafuta.

Unapongoja

Una miezi minne au mitano. Nikwambie kwa nini nakala ya ziada ni mali.

Zamani Siyu na Pate vitabu na tenzi zilinakiliwa kwa mkono. Nyumba yenye nakala moja huifunga sandukuni, mtoto haigusi, maana herufi ikiharibika hakuna pa kurejea. Nyumba yenye nakala mbili moja huazimwa. Itaandikwa pembeni, itafutwa, mtu ataongeza ubeti wake, mwingine atabadilisha neno. Mara nyingi kinachotoka ni uchafu tu. Mara moja moja hutoka ubeti mpya ulio mzuri, na ule wa asili bado uko salama sandukuni. Jeni nayo ni hivyo. Ikiwa ni moja na kazi yake ni ya lazima, haichezewi: mti wenye kosa pale hufa. Zikiwa mbili, moja inashika kazi, ya pili ina ruhusa ya kukosea. Huenda ikafa ikabaki gofu. Huenda zikagawana kazi. Huenda ile ya pili ikapata kazi ambayo haikuwapo.

Katika ukoo wa chungwa nakala hizi zimekuja kwa njia zaidi ya moja. Kubwa kabisa ilitokea zaidi ya miaka milioni mia moja iliyopita, kabla hapajakuwa na kitu cha kuitwa mchungwa. Babu wa mimea mingi ya maua alikuwa na kromosomu za msingi 7. Zikarudufiwa mara tatu, zikawa 21. Mzabibu, mkakao, mpapai na mchungwa wote ni wajukuu wa tukio hilo moja. Baadaye nyuzi zilikatika, zikaungana, nakala nyingi zikafutika, na chungwa likafikia seti yake ya 9. Jenomu ya chungwa tamu, yaani maandishi yake yote ya urithi, ilipochapishwa mwaka 2013, herufi kama milioni 367 na jeni 29,445, watafiti hawakuona alama kwamba ukoo huu umejirudufu wote tena tangu hapo. Mtofaa ulirudia baadaye. Mchungwa haukurudia.

Jambo hili lilinikalisha chini. Kumbe miaka yote hiyo, kila msimu, ndani ya mbegu kuna seli inajaribu kuanzisha ukoo mpya wa 36, na hauendi mbali. Nadhani sababu yake naijua, maana nami nimeshiriki: aliyechelewa kurefuka hufunikwa na kivuli cha ndugu zake, na akikosa kivuli hupata mbuzi.

Njia ya pili ni ndogo lakini ndiyo iliyofanya kazi nyingi: jeni moja hujinakili na nakala ikakaa ubavuni pake, kama nyumba ya kaka na nyumba ya mdogo wake zilizoshiriki ukuta. Ukitaka kuigusa, fikicha majani. Chuma jani la mdanzi, la mlimau na la mchenza, kila moja lifikiche peke yake, nuka, pumzika, nuka tena. Harufu hizo hutengenezwa na familia ya jeni ambayo kwenye chungwa tamu ina mahali 95, nyingi zimepangana jirani kwa jirani, na kama 55 tu ndizo zinazoonekana kuwa nzima. Zilizobaki ni magofu. Kila nakala iliyopona ilijifunza kutengeneza mafuta yake, kwa hiyo pua yako inasoma marudio ya zamani sana. Kwenye jani la danzi utasikia chenza kwa nyuma. Ni haki yake: danzi ni mtoto, mama yake balungi, baba yake chenza. Limau nalo ni mtoto wa danzi, baba yake ni lile tunda la ganda nene ambalo Waarabu huliita utruji. Nyumba moja hii, na majina ya Kiswahili yameigawa bila kuuliza.

Mfano mwingine ni zambarau. Mlimau ukichipua, majani machanga huwa na wekundu wa biringani. Swichi za rangi hiyo kwenye jamii ya machungwa ni za ukoo unaoitwa Ruby, na mwaka 2018 ilielezwa kwamba nakala mbili za jirani, Ruby1 na Ruby2, zimegawana kazi: ya kwanza zaidi kwenye tunda, ya pili zaidi kwenye majani. Machungwa mekundu ndani, yale ya Sisilia, ni kipande cha DNA kinachoruka kilichotua karibu na Ruby kikaiamsha, lakini huamka kwa baridi. Mgeni mmoja alimwachia jirani yangu mche wa aina hiyo kwa madaha mengi. Ulizaa. Machungwa yakawa manjano kama ya sokoni. Kwa joto letu hili, kipande hicho kimelala fofofo.

Kuchagua kwa jicho na kwa kidole

Miche ikifika majani manane hivi, ipange chini kwa urefu, asubuhi kabla jua halijawa kali. Iache mirefu. Nenda kwenye thuluthi ya mifupi.

Kwanza ondoa wagonjwa. Jani la manjano lenye mishipa ya kijani ni njaa ya chuma, na udongo wetu wa chokaa ya matumbawe huleta njaa hiyo kila leo. Mche uliopinda chini ya shingo ni mzizi uliojikunja kwenye kopo. Halafu ondoa watoto wa baba: jani la danzi lina kola, kile kipande kipana cha jani kwenye kikonyo chake; mche ambao kola yake au harufu yake haifanani kabisa na wenzake ni wa mbegu ya kweli, weka kando.

Waliobaki, shika jani la nne kutoka juu baina ya gumba na kidole cha shahada, na mkono wa pili ushike jani kama hilo la ndugu yake wa mbegu moja. Fumba macho. La maradufu ni nene, gumu kidogo, kama khanga mpya isiyofuliwa karibu na iliyozoeleka. Fumbua, uangalie umbo. Jani la ndugu lililokuwa mkononi mwangu lilikuwa na urefu wa sentimita 8 na upana 4. La yule niliyemshuku, urefu 7 na upana 5, rangi ya kijani iliyokolea. Kisha liinue dhidi ya jua. Vidoa vya mafuta vinavyopenya mwanga vitakuwa vikubwa na vimeachana.

Usifurahi bado. Mara ya kwanza niliteua kumi na moja. Tisa walikuwa wamekaa tu upande wa ukuta unaopigwa na jua la alasiri, na jani la juani huwa nene kuliko la kivulini hata kwa pacha. Tangu siku hiyo washukiwa na ndugu zao hukaa pamoja mahali pamoja miezi miwili, na huyapima majani yaliyochipuka baada ya kuhamishwa tu.

Rangi ya kucha

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini. Chini ya jani kuna vinyweleo, midomo midogo ambayo jani hupumulia, vitabuni stomata. Seli yenye kromosomu mara mbili huwa kubwa, kwa hiyo midomo ya maradufu ni mirefu zaidi na michache zaidi mahali palepale.

Chukua rangi ya kucha isiyo na rangi. Mjukuu wangu alinipa nyekundu kwa kunionea huruma, sikuona kitu ila wekundu. Chagua jani lililokomaa, lifute vumbi kwa kitambaa kikavu, paka upande wa chini, katikati ya mshipa mkuu na ukingo, eneo la ukucha wa kidole cha mwisho. Rangi iwe nyembamba. Ngoja dakika kumi, ikauke kabisa. Ukiwa na pupa itavutika kama gundi. Bandika selotepu safi juu yake, kandamiza kwa kidole, ivute kwa mkupuo mmoja. Inatoka na alama ya ngozi yote ya jani. Ibandike kwenye kigae cha kioo.

Hadubini ya shule inatosha, ukuzaji wa mara 400. Mwendee mwalimu wa sayansi Jumamosi, na usiende mikono mitupu; chupa ya achari hufungua milango mingi. Utaona midomo kama punje za mchele zilizokaa mbilimbili, zimekumbatiana. Hesabu zilizoingia kwenye duara lote la kioo, sogeza, hesabu tena, mara kumi. Andika. Fanya hivyohivyo kwa ndugu wa mbegu moja, jani la umri mmoja. Ndugu wa kwangu walinipa kati ya 21 na 25 kwa duara. Washukiwa wangu wengi walinipa hesabu hiyohiyo, nikawatoa. Wawili walinipa 13, 15, 12, 14, mpaka mwisho haikuvuka 16, na midomo yenyewe ilikuwa minene ya kuonekana bila kulinganisha. Nilimwita mwalimu. Akaangalia, akanyamaza, akamwita mlinzi: "Ndoo uone."

Ushahidi wa mwisho ni kuhesabu kromosomu zenyewe kwenye ncha ya mzizi, au kupima kiasi cha DNA kwa mashine ya maabara kubwa. Ukiwa na njia ya kufika huko, nenda. Kwa kupanda nyumbani, majani mazito, vidoa vikubwa na midomo michache, vyote vitatu kwa pamoja, vinanitosha mimi. Kimoja peke yake hakinitoshi.

Kuwaonjesha chumvi

Usiwamwagie maji ya kisima kwa siku moja, hata maradufu si mkoko. Wiki mbili za kwanza robo ya maji ya kisima na robo tatu ya mvua. Wiki mbili nyingine nusu kwa nusu. Kisha robo tatu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini ya kopo, ili chumvi isijikusanye, na weka ndugu wawili wa 18 wapate kipimo kilekile. Chumvi ikizidi, ncha za majani makubwa huanza kuungua, kahawia inapanda ukingoni, halafu jani linaanguka na kikonyo kimebaki. Ndugu zangu walianza kuungua nusu kwa nusu. Maradufu mmoja alifika robo tatu na majani mawili tu yameungua ncha. Wa pili sikumjua angefika wapi, kwa kuwa punda wa mbeba mawe alipita na shehena mlangoni, akasimama, akamla mpaka kopo.

Kwa kisima kikali kuliko changu, au wakati wa kiangazi maji yanapozidi ukali, changanya na maji matamu ya vilima vya mchanga vya Shela ukiyapata, usimtese mti.

Kupandikiza

Hapa sina jipya. Shina likifika unene wa penseli, chanja herufi T kwenye kimo cha shubiri moja juu ya udongo, tia jicho (chipukizi) la mlimau, funga, ngoja wiki tatu. Maradufu atachukua miezi zaidi kufikia unene huo. Jambo moja nakusihi: juu ya mdanzi, uwe wa 18 au wa 36, usipandikize mchungwa. Kuna kirusi kinachoitwa tristeza, hubebwa na vidukari, na mchungwa uliokaa juu ya mdanzi ukikipata hunyauka na kufa umesimama. Mlimau juu ya mdanzi hauna tabu hiyo. Na jicho lichukue kwenye mti unaoujua uzima wake, si kwenye mti wa njiani kwa sababu tu umezaa sana.

Kuwaongeza

Mbegu za maradufu mwenyewe, akizaa, kwa sehemu kubwa zitatoa nakala zake, za 36. Lakini kungoja mdanzi wa mbegu uzae ni miaka, na huyu ni wa polepole. Kwa hiyo mwezi uliopita nilimkata vijiti kumi na viwili, kila kimoja macho matatu, majani nikayapunguza nusu, nikavichomeka kwenye mchanga uliooshwa, nikavifunika kwa chupa za maji zilizokatwa kitako. Vitano vimeoza. Vinne vimesimama tu. Vitatu, nilipovivuta kidogo jana, vimegoma kutoka.

Majina nayaandika kwa msumari kwenye vipande vya bati na kuvifunga kwa waya, maana kalamu jua letu huifuta kabla ya Idi. Na makopo yenyewe sasa yako juu ya dari.